Mpaka Mstari wa Juu

Nungwi, 27 Mei 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, Mama anakusalimu sana. Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu husikii, na nikikutumia sauti unasema nimo ndani ya mtungi. Barua hii anakuletea Haitham, anayeshuka na samaki wa Darajani kila asubuhi. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Shida yangu ni gari la marehemu Baba. Likishapata moto, giaboksi inateleza. Nakanyaga, injini inalia, gari haliendi. Asubuhi halina neno, kama jipya. Ikifika adhuhuri, wageni wamo ndani, ndipo linaponitia aibu. Na si kwamba oili naipuuza. Kila alfajiri, kabla sijakwenda kuchukua wageni hotelini, nawasha gari, nachomoa stiki napima. Kila siku naikuta iko chini ya mstari wa juu, naongeza kikombe. Tena mchangani chini ya gari kuna matone, basi najua inavuja. Fundi wa hapa anasema giaboksi imekufa, ishushwe.

Anuar kayasikia hayo ya fundi. Unajua gari ni mirathi, letu sote watatu, mimi, yeye na Mama, na tulikubaliana mbele yako likae mikononi mwangu maadamu linafanya kazi. Sasa kaka yangu anasema halifanyi kazi, na kuna mtu wa kulinunua alikate spea. Anataka tukae siku ya tatu ya Idi, wewe mkubwa wetu ukiwapo, liuzwe. Ami, likiuzwa hili mie narudi kufua mashuka ya hoteli. Walionicheka nilipoanza kuendesha ndio hao leo wananipigia simu niwapeleke Jozani kutazama kima punju. Nirudi vipi kwenye beseni?

Nakuomba neno moja tu: mwambie Anuar asubiri.

Mwanao,
Ulfat


Kiponda, Mji Mkongwe, 29 Mei 2024

Mwanangu Ulfat,

Marahaba. Umeniomba neno moja, nawe unajua kwamba mimi neno moja sijapata kulisema maishani. Kwa Anuar sitasema kitu. Mtu aliyewekwa kati hanong'oni na upande mmoja kabla ya siku yenyewe. Kuhusu oili nitasema, kwa sababu oili haina upande, na somo la joto nimelifundisha mpaka nikastaafu.

Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Itazame alfajiri, kisha iweke juani, uitazame tena adhuhuri. Utayakuta mafuta yamepanda shingoni, na wala hukuongeza tone. Kitu kikipata moto hutanuka. Oili ya giaboksi ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa kuwa haikai tu juani: inasukumwa na kusuguliwa ndani ya mashine. Ndiyo sababu stiki yako ina alama jozi mbili. Za chini ni za oili iliyo baridi, za juu ni za oili iliyo moto. Wewe unapima alfajiri, oili imelala, kisha unaijaza mpaka mstari wa juu kabisa. Umeipimia baridi kwa kipimo cha moto.

Sasa fuatana nami. Gari likienda, oili inatanuka, inapanda mpaka inavifikia vyuma vinavyozunguka, navyo vinaipiga kama unavyopiga mayai. Inakuwa povu. Povu ni hewa, na hewa haina nguvu ya kusukuma gia. Ndipo injini inapolia na gari halitoki. Povu hilo hilo linatafuta tundu la kupumulia na kumwagika nje, na nadhani hayo ndiyo matone yako. Asubuhi unaiona imepungua, unaongeza. Kama dhana yangu ni sahihi, unayalisha maradhi kwa mkono wako mwenyewe. Mtu akipima mchele kwa pishi akauacha na kilele, tunamsifu kwa ukarimu. Naogopa ndio mkono huo huo unaopimia oili.

Lakini sijaliona gari, na dhana haijawa elimu mpaka ipimwe. Basi fanya hivi. Gari lipate moto. Lisimame mahali tambarare, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, handibreki imevutwa na mguu uko kwenye breki. Pitisha mkono wa gia kila mahali, polepole, kisha urudishe kwenye P. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena, usome. Usiongeze kitu. Niandikie ulichokiona, si ulichokitarajia.

Nami nina swali. Kwa nini hupimi mchana, gari likiwa moto tayari?

Ami yako,
Abdulrazak


Nungwi, 2 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na Mama kaisoma mara moja akasema marehemu alikuwa akikukimbia wewe ukianza na chupa.

Swali lako kwanza. Dereva wa wageni hafungui boneti mbele ya mgeni. Mgeni akiiona boneti wazi anashusha begi lake, na jioni hoteli nzima inajua kuwa gari la Ulfat bovu. Baba akisema boneti ni kama chumba cha kulala, haonyeshwi mtu. Ndiyo maana madereva wote wa huku tunapima kabla ya jua. Nikirudi kazini, gari naliweka nyuma ya nyumba, na pale pana mteremko.

Nimefanya uliyoniagiza. Alhamisi nililisimamisha uani mbele, nikaliacha linaunguruma mpaka mshale wa joto ukafika kati. Bi Salhiya, jirani, akachungulia ukutani. "Ulfat, unalipika gari? Chumvi ushatia?" Nikamwambia, "Nshatia, nangoja tui." Watu wakacheka mpaka nikasahau nimefikia gia gani. Basi nikazipitisha zote, nikapima.

Ami, haikufika mstari wa juu. Ilikuwa chini yake kidogo, na gari moto. Basi pamoja na somo lako lote, imepungua. Nikaongeza. Najua ulisema nisiongeze, lakini niliona wazi kwa macho yangu.

Juzi lilinisumbua kidogo njiani. Si kitu. Je, umemwambia Anuar?

Mwanao,
Ulfat


Bububu, 5 Juni 2024

Kwa Ami Abdulrazak,

Shikamoo Ami. Natumai u mzima. Naandika kwa adabu, na adabu ikinipungua katikati unisamehe, kwa kuwa nina hasira na sitaki kuja kwako nikapandisha sauti.

Haitham ameniambia kuwa wewe na Ulfat mnaandikiana. Sikatazi. Ila wewe ndiye utakayetuhukumu, na upande wangu hujausikia.

Ijumaa Ulfat alimchukua Mama kumleta mjini kliniki ya macho. Kwenye kilima cha Donge gari likakataa. Halikuzimika, Ami, lilikataa: injini inalia, gari linarudi nyuma. Nyuma yao kulikuwa na lori la mchanga. Dereva wa lori ndiye aliyeonyesha akili, akakata kona akaingia kwenye mihogo ya watu. Mama akashuka, akakaa chini pembeni ya njia. Kliniki hakufika. Walirudi Nungwi gari lilipopoa.

Mimi haya sikuambiwa na dada yangu, wala na Mama. Nimeambiwa na huyo dereva wa lori, ananunua kwangu balbu. Nilipompigia Mama simu akasema, "Ulfat kaniomba nisiseme mpaka Idi ipite."

Watu wanadhani nataka kuuza gari kwa tamaa. Mimi nilikuwa nataka liuzwe kwa sababu ni bovu. Sasa nataka liuzwe kwa sababu linafichwa. Unamfundisha kupima oili, Ami. Roho ya mama yetu anaipima nani?

Mwanao,
Anuar Machano


Kiponda, 6 Juni 2024

Ulfat, na Anuar,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, moja yako na moja yake, asije mtu akasema nimewaambia mbalimbali.

Ulfat, uliandika "si kitu". Nimeyatazama maneno hayo tangu jana na sijatulia. Nimeshuka ngazi nikapanda, nimetoka mpaka Malindi nikarudi bila kununua nilichokifuata. Lori la mchanga si kitu? Sitakugombeza zaidi kwa karatasi. Kuanzia leo usimchukue mtu ndani ya gari hilo, mgeni wala jirani wala kapu la samaki wa Haitham, mpaka lijulikane lina nini.

Anuar, hasira yako ina haki. Lakini kuuza kitu kabla ya kukijua nako ni kukificha, kwa namna nyingine.

Na mimi nina sehemu yangu. Nilijaza kurasa, na jambo lililohitajika sikuliandika. Nilisema gari lipate moto, sikusema vipi. Mshale ule unaonyesha joto la maji ya injini. Giaboksi ni nyumba nyingine. Gari likiunguruma uani, maji yanapata moto na oili ya gia bado vuguvugu tu. Ulfat alisoma oili vuguvugu kwenye mstari wa oili moto, akaona imepungua, akaongeza, na kesho yake akamchukua mama yake kupanda kilima. Mwalimu akiacha hatua moja, mwanafunzi huijaza kwa akili yake, na si kosa la mwanafunzi.

Sasa sikilizeni nyote wawili. Anuar atafunga duka siku moja aende Nungwi. Gari litoke tupu, nyinyi wawili tu, mwendo wa taratibu, mpaka ule uwanja wa mpira kabla ya kilima. Safari hiyo ndiyo itakayoipasha oili yenyewe. Msiliendeshe kwa nguvu wala kulibebesha mzigo, maana oili iliyopita kiasi cha moto nayo husema uongo, kwa upande wa pili. Mkifika, wekeni sinia la maji kwenye sakafu ya gari. Maji yakilala sawasawa, hapo ndipo tambarare, maana mteremko kama ule wa nyuma ya nyumba huidanganya stiki. Mengine ni kama nilivyoandika mwanzo.

Stiki aichomoe Anuar, asome yeye. Ulfat asome baada yake. Joto la stiki mtalijua kwa vidole: lifanye kidole kitake kuachia, lakini lisikiunguze. Ikiwa oili imezidi, ivuteni kwa mpira mwembamba na bomba la sindano, kidogo kidogo, mpime tena. Ikiwa imepungua kweli, mimi nimekosea, na nitasema hivyo mbele yenu.

Ami yenu,
Abdulrazak


Kiponda, 10 Juni 2024

Ulfat,

Haitham amekuja mikono mitupu jana na leo. Nimemuuliza, "Umemwona?" Akasema, "Nimeona mlango." Nikamuuliza mlango ulikuwaje. Akaniambia, "Sheikh, mlango ni mlango."

Anuar naye kimya. Simu yake inaita nami naisikia vizuri mno, hapokei. Sijui kama mmekwenda pamoja au mmegombana kabla ya kuliwasha. Mtu mzima akikaa na jambo ambalo hawezi kulifikia kwa miguu, hulizungusha kichwani mpaka likawa kubwa kuliko lilivyo. Niandikieni mstari mmoja. Hata kama ni wa matusi.

Abdulrazak


Bububu, 12 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Utusamehe kimya. Ulfat alikataa kwenda nami siku ya kwanza, na ya pili mimi nikakataa kwenda naye. Mama akatunyima chai. Akasema atakayerudi na jibu la kumpelekea Ami ndiye atakayekunywa. Jana tumekwenda.

Uwanjani Ulfat akaweka sinia. Maji yakakimbilia upande mmoja. Nikamwambia, "Sogeza." Akasogeza. "Tena." Akasogeza. "Rudi kidogo."

"Anuar, unatazama maji au una kiu?"

"Natazama alivyosema Ami."

"Ami kasema tambarare, hakusema kibla."

Yakalala sawa. Nikaichomoa stiki, nikaifuta, nikairudisha, nikaichomoa. Vidole vilitaka kuachia, havikuungua. Ami, nilikwenda nikiamini nitaikuta kavu. Oili ilikuwa imeupita mstari wa juu kwa upana wa vidole viwili, na juu yake povu la rangi ya waridi, kama maziwa yanayotaka kumwagika. Nikampa Ulfat. Akaitazama muda mrefu, akaifuta mwenyewe, akaichovya tena, ikatoka vile vile.

Nikasema, "Umelizamisha."

Akasema, "Kila alfajiri, na Bismillahi."

Tukacheka, Ami, sikufichi, kisha yeye akalia, na mimi nikashughulika na mpira wa kuvutia ili nisimtazame. Tuliivuta mpaka ikasimama kati ya alama mbili za juu. Iliyotoka imejaza chupa kubwa ya maji, na chupa haikutosha. Tukaliacha lipumzike povu liishe, tukapima tena, tukaenda kilima cha Donge. Likapanda. Tukashuka, tukapanda tena. Likapanda.

Basi dhana yako imepimwa na imekuwa elimu, na fundi wa Nungwi angelishusha giaboksi kwa kosa la kikombe. Nayakubali yote. Lakini mimi sikugombana na oili. Ulfat alimwomba Mama anyamaze, na hilo stiki haipimi. Gari likiwa zima na mwenye gari anaficha, ni bovu bado. Kwa hiyo neno langu sijalibadili. Siku ya tatu ya Idi tukae.

Mwanao,
Anuar


Nungwi, 14 Juni 2024

Shemeji Abdulrazak,

Assalaam alaykum. Naandika mwenyewe, macho yakiniruhusu. Mmeandikiana wee juu ya roho yangu, na mwenye roho nipo hapa nasuka ukili, hakuna aliyeniuliza.

Ulfat hakuniamrisha ninyamaze. Aliniomba, na mimi nikakubali kwa kumwonea huruma. Kwa hiyo siri ilikuwa ya watu wawili, mwambie Anuar asimbebeshe mmoja. Pale Donge niliogopa, sikatai. Lakini nilichokiogopa zaidi ni usiku ule nyumbani, mtoto wangu ananipikia uji, ananitazama kama mtu aliyeiba. Gari naweza kushuka. Ndani ya nyumba yangu nishuke wapi?

Sehemu yangu katika gari hilo ni ndogo, sheria inasema thumuni, lakini ndiyo iliyokaa kiti cha mbele. Basi nasema mimi sasa. Idi pili natoka Nungwi kuja kwako. Ulfat ataendesha, mimi nitakaa mbele, Anuar nyuma. Likikataa kilimani, nitakuwa wa kwanza kusema liuzwe. Na lolote litakalotokea njiani, atakayekuambia ni Ulfat. Mimi sitasema, wala Anuar hatasema. Ukituuliza sisi, tutakujibu habari za hali ya hewa.

Shemeji yako,
Mwatum


Kiponda, barazani kwako, 18 Juni 2024

Ami,

Shikamoo, na Idi njema. Tumefika. Gari tumeliacha Malindi, tumeingia kwa miguu. Wanasema umetoka kuwatembelea watu wa Idi. Mama na Anuar wamekaa ndani kwa majirani zako wanakula. Mie nimeomba kalamu. Naandika kabla hujarudi, kwa sababu ukija utafurahi, utatoa kahawa, na mie nitapata pahala pa kunyamaza.

Pale Donge lilisita.

Halikukataa. Halikurudi nyuma. Ilikuwa karibu na juu, kiasi cha kupepesa jicho, injini ikapanda sauti kabla ya gari. Mama alikuwa anasimulia harusi ya mtu, hakuhisi. Anuar alikuwa nyuma na simu sikioni, hakuhisi. Ningeweza kufika mpaka hapa na hakuna kiumbe angejua. Nakuambia kweli, Ami, mkono ulitaka kuendelea. Nilishapita kilima, mbele pote tambarare, na kesho ndiyo siku yenyewe.

Nikasimamisha pembeni. Nikawaambia. Nikafungua boneti, injini inaunguruma, watu wa njiani wamevaa kanzu za Idi wanatutazama, nikapima kama ulivyofundisha. Oili iko sawasawa, haikuzidi wala kupungua, na povu hakuna. Basi si oili tena. Nadhani siku zote zile za povu kuna kitu ndani kimeumia, na niliyekiumiza ni mie.

Nikautoa ufunguo, nikampa Anuar, nikamwambia, "Kesho usihangaike kusema. Nshasema mie."

Akaugeuza ufunguo mkononi. Akaniuliza, "Lilisita wapi hasa?" Nikamwonyesha. Akashuka, akatembea mpaka pale, na kanzu yake nyeupe, akarudi. Kisha akasema, "Mie nilikuwa ndani na sikuhisi kitu."

"Najua."

"Kama utakuwa unasema hivi, mie siuzi. Idi ikimalizika tulifungue tuone kilichoumia. Lakini mgeni hapandi mpaka tumalize."

Nikamwambia hapandi. Akanirudishia ufunguo. Mama akasema twendeni, Ami yenu atakuwa keshatoka, na tulipofika kweli ulikuwa ushatoka.

Hatukuja kukaa kikao. Tumekuja kula Idi. Lakini ukitaka kueleza kinachoweza kuumia ndani ya giaboksi, Anuar amesema safari hii atasikiliza mpaka mwisho.

Mwanao,
Ulfat